Niliitika kwa Jina la Marehemu

Mtu anaposalitiwa, ni nani hasa anayesalitiwa? Nimekaa na swali hili katika mji unaozunguka nyota iliyokufa, mji usio na usiku wala mchana isipokuwa ule unaotangazwa kwa kengele, na kila nikilijibu linarudi na uso mwingine. Ukiniambia aliyesalitiwa ni mimi, nitakuuliza: mimi yupi? Yule aliyezaliwa na mnyonyeshaji, au yule aliyenyolewa nyusi na kupakwa meno weusi ili afanane na mwanamke wa ukoo? Aliyenisaliti alinijua kabla sijajua kusema. Jina langu la kwanza, yeye ndiye aliyelitamka mara nyingi kuliko mtu yeyote, akinikimbiza kwenye kumbi za ngome yao. Na siku aliponisaliti hakulisahau. Alilitamka vizuri sana, herufi kwa herufi, mbele ya watu.

Nilizaliwa Chigusa, binti wa Isono. Tuliishi Ngome ya Korongo, iliyochongwa ndani ya mwezi mdogo pembezoni mwa dola, mahali ambapo mwanga wa jua lolote hufika ukiwa umechoka. Mama yangu alikuwa mnyonyeshaji wa watoto wa bwana. Norikata, mrithi wa ngome, alizaliwa juma moja na mimi, tukagawana kifua kimoja. Kisha akazaliwa Orie, mdogo wake, na kuzaliwa kwake kukamuua mama yao. Mimi nikaachishwa ili Orie apate nafasi. Sikumbuki, bila shaka. Lakini kuna vitu ambavyo mwili huvikumbuka peke yake, bila kumshirikisha mwenyewe, na nadhani tangu hapo mwili wangu ulijua kwamba kuna mtu aitwaye Orie, na kwamba penye Orie mimi husogea.

Tulikua watatu. Tuliitana kaka na dada, na hakuna aliyetukataza, kwa sababu kwetu undugu wa ziwa, wa kunyonya kifua kimoja, ni undugu. Norikata aliponiita dada hakuwa akinifanyia hisani. Hilo nataka lieleweke, maana bila hilo haya yote ni habari tu ya bwana na mtumishi wake, na habari hizo zimejaa kila mahali.

Norikata alipokuwa ndiyo kwanza amekalia kiti cha baba yake, amri ilitoka Mji Mkuu. Jemadari Mkuu, aliyetawala kwa jina la mfalme asiyeonekana, alitaka kila nyumba ya mikoani imletee mtu mmoja wa damu aishi karibu naye. Nyumba ikitulia, mtu huyo ataishi kama mgeni. Nyumba ikiinua bendera, mtu huyo atakufa. Norikata alikuwa na binti mmoja tu, mchanga anayetambaa, na dada mmoja. Orie akasema ataenda yeye. Alishaanza kukunja nguo zake aliposhikwa na homa, na homa haikumwachia.

Norikata alificha kifo hicho. Aliniita katika chumba cha deraya, ambamo mavazi ya vita ya babu zake yalikaa juu ya vigoda kama watu waliotolewa roho wakiwa wameketi. Akafunga mlango, akapiga magoti mbele yangu. Bwana wa ngome, magoti kwenye mkeka.

"Chigusa," alisema, "hujawahi kuniomba kitu. Leo mimi ndiye nakuomba."

"Simama kwanza, kaka. Ukisema hivyo unanitisha."

"Nenda ukawe Orie."

Nilidhani sikusikia. Nikamwangalia mpaka akarudia.

"Nikikosa mtu wa kupeleka watamchukua mtoto," alisema. "Bado ananyonya, Chigusa. Huko hawajui sura ya Orie. Wewe unajua alivyotembea, alivyoshika kikombe, alivyonyamaza. Hakuna mwingine anayeweza."

"Na siku ukipigana nao?"

"Sitapigana nao. Wewe ukiwa kule, upanga wangu utabaki alani mpaka nife. Naapa kwa ziwa tulilonyonya."

"Na mama?"

"Mama yetu," alinisahihisha. "Mama yetu nitamtunza mimi."

Nikakubali. Watu hudhani anayekubali jambo kubwa hupima kwanza. Mimi sikupima. Nilikuwa nimesogea kumpisha Orie tangu utotoni, na sasa niliombwa kusogea kwa namna nyingine, niingie mle alimotoka. Mama ndiye aliyeninyoa nyusi. Ndiye aliyenipaka meno ule weusi wa chuma na siki ambao wanawake wa ukoo hupaka, ladha yake kama ulimi umelamba msumari. Alifanya kazi yake bila neno. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo kunitazama, kisha akasema, "Usicheke kwa sauti. Orie hakucheka kwa sauti."

Hayo ndiyo maagano yetu.

*

Sasa nieleze habari ya wakati, kwa kuwa bila hiyo hutaelewa jinsi kaka alivyozeeka mikononi mwangu.

Nyota inayozungukwa na Mji Mkuu ilikufa zamani, ikajikunja, ikawa nzito kiasi kwamba inavuta hata wakati. Karibu nayo wakati hutembea kwa kuburuta miguu. Mikoani watu huchumbiana, huzaa, huzeeka, huzikwa. Mji Mkuu chai haijapoa. Walioujenga mji pale hawakukosea njia. Walijua kwamba mwenye kukaa karibu na uzito huo atabaki kijana huku wajukuu wa maadui zake wakiota mvi, na kwamba kila atakayekuja kumlalamikia atamkuta vilevile, kiti kilekile, uso uleule, mpaka mlalamikaji ajishuku mwenyewe. Nimeishi humo, nikajiuliza kama utawala una siri nyingine zaidi ya hii: kupanga mahali pa kukaa, ili wakati uwale wengine kwanza.

Nilipewa nyumba ya kuta za karatasi na ua wenye mplamu mmoja. Mlinzi wangu aliitwa Ukon, askari mtu mzima mwenye kovu lililomfunga jicho moja, mwenye adabu zake. Kila asubuhi alikuja, tukanywa chai ya unga wa kijani iliyopigwa povu, akaniuliza nimelalaje, nami nikamjibu kwa sauti ya Orie. Mwanzoni nilijibu kama mtu anayeshika bakuli lililojaa. Baadaye sikuona tena bakuli. Aliposema "Bibi Orie," kitu ndani yangu kiligeuka kabla ya mimi kugeuka. Nikaanza kuota homa ambayo sikuugua. Nikakumbuka harufu ya chumba ambamo Orie alifia, kutoka upande wa godoro, si upande wa mlango nilikokuwa nimesimama.

Mtu ni yule anayeitwa, au ni yule anayeitika? Nilikuwa nimeitwa Chigusa na nikaitika. Nikaitwa Orie na nikaitika. Basi labda aliyekuwapo wakati wote ni mwitikio tu, na majina yanapita juu yake kama meli.

Norikata alinitumia sauti yake ndani ya vigae vya kioo, ukikibonyeza kwa kidole kigae kinasema. Kigae cha kwanza kilikuwa na sauti ya kijana niliyemwacha bandarini. "Dada, binti yangu ametembea." Kilichofuata, sauti ilikuwa imenenepa. Kilichofuata, alikohoa kati ya maneno, na kilichofuata sikuitambua mpaka alipojitaja. Alizeeka kigae kwa kigae, na mimi bado ninaota ndoto za msichana. Mle ndani ya vigae vya mwisho aliacha kuniita dada. Alisema "Bibi Orie wa Korongo," kama anavyosema mtu anayejua wengine wanasikiliza. Nilijipa moyo kwamba ni tahadhari.

Vikakoma.

*

Ukon alikuja asubuhi moja, chai ikiwa bado haijapigwa, na hakuketi mahali pake. Alipiga magoti kizingitini.

"Bibi Orie, kaka yako ameinua bendera. Meli zake zimeshachukua ngome za jirani."

Nilikuwa nimeshika tawi la mplamu, nalikata majani. Niliendelea kukata. Nilishangaa kuona mkono unajua kazi yake.

"Basi nitakufa lini?" nilimuuliza.

"Kuna jambo jingine." Jicho lake lilitazama mkeka. "Ametangaza kwamba wewe si dada yake. Amesema Orie alikufa zamani kwa homa, na kwamba tunamlisha hapa mtoto wa mnyonyeshaji. Amekutaja jina. Amesema wewe ni Chigusa binti Isono, na kwamba hadaiwi chochote juu yako."

Nilikata jani jingine.

"Majemadari wake wasingemfuata," Ukon alieleza taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba. "Hakuna askari wa mikoani anayepigana chini ya bwana aliyemtoa dada yake achinjwe. Ilibidi asiwe na dada. Na ili waamini, ameleta shahidi. Amemtuma huyo Isono mwenyewe aje aseme mbele ya Jemadari Mkuu."

Naapa kwa ziwa tulilonyonya. Mama yetu nitamtunza mimi. Upanga alani mpaka nife. Alipokuwa akipiga magoti, je, alijua? Hapana. Aliyepiga magoti alikuwa kijana, aliyeinua bendera ni mzee, na kati yao kuna miaka ambayo mimi sikuiishi. Huenda yule kijana hakunisaliti kamwe. Huenda alikufa mahali fulani katikati ya kigae na kigae, na huyu ni mtu mwingine aliyerithi mdomo wake. Nilijaribu kumsamehe kwa njia hiyo. Haikufaa. Alilikumbuka jina langu. Angekuwa mtu mwingine, asingelikumbuka.

"Sheria inasemaje?" nilimuuliza Ukon.

"Ukiwa Orie, Jemadari Mkuu anaweza kukuua, au kukupa nyumba ya kaka yako badala yake. Ni hiari yake, na nadhani anapendelea la pili. Ukiwa Chigusa, utasukumwa nje ya mlango ambao ng'ambo yake hakuna hewa. Wewe na aliyekuzaa."

"Mama analijua hilo?"

"Sidhani kama bwana wake alimwambia. Amemwambia aje aseme kweli tu." Akakunja kiganja, akakikunjua. "Ni mtu gani anayemtuma mama akamshtaki mwanawe? Ni yule anayeamini kwamba yeye ndiye mwana anayependwa zaidi."

Na mimi, hofu yangu ndiyo hiyohiyo. Mama aliniachisha ziwa kwa ajili yao mara moja. Kwa nini asifanye tena?

*

Ukumbi wa Jemadari Mkuu ni mrefu na mtupu, mikeka yake mipya siku zote, na mwishoni mwake yuko yeye, mtu mfupi mwenye uso laini ambao haukuwahi kuzeeka tangu mama yangu awe msichana. Niliketi upande wa kulia, mavazi yangu tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa nimeamua. Akisema mimi ni Chigusa, nitamwita mama, na nitafurahi kumwita, na tutatoka nje ya mlango ule pamoja.

Wakamwingiza.

Nilimwacha mwanamke mwenye mabega mapana ambaye alibeba ndoo mbili bila kumwaga. Aliyeingia alikuwa kikongwe aliyejikunja kama jani la chai, akishikwa mkono na askari. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache. Nilikuwa binti yake, na mtu asiyejua angedhani mimi ni mjukuu wa mjukuu wake. Miaka yote ambayo sikuzeeka ilikuwa imeenda mahali, nikaona ilikokwenda.

"Wewe ndiwe Isono?" Jemadari Mkuu aliuliza.

"Ndimi, Mtukufu."

"Bwana wako anasema umekuja kututambulisha mtu. Msogelee. Mtazame vizuri."

Alisogezwa mbele yangu. Macho yake yalikuwa na ukungu, akaleta uso karibu sana, hata nikaisikia pumzi yake. Alinitazama nyusi zisizokuwapo. Alinitazama mdomo. Nikaufungua kidogo, sijui kwa nini, akaona meno aliyoyapaka yeye. Yalikuwa yamepakwa upya mara nyingi na watu wengine.

"Ni nani huyu?" aliuliza Jemadari Mkuu.

"Huyu ni Bibi Orie," alisema mama yangu. "Nilimnyonyesha mimi."

Mtu mmoja alikohoa.

"Bwana wako anasema Orie alikufa."

"Bwana wangu amezeeka, Mtukufu. Wazee tunachanganya misiba. Ni kweli kulikuwa na homa. Aliyekufa ni binti yangu, Chigusa. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamfunga sanda mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Mtukufu, naulizwa kama nina uhakika na kaburi la mwanangu?"

Nilitaka kupiga kelele. Niliokolewa, nalijua hilo, lakini mwili haukusikia wokovu, ulisikia udongo. Koleo baada ya koleo. Alisema kila neno bila kutetemeka, kama mtu ambaye kweli aliosha maiti, na nikajiuliza ni lini aliiosha: leo, au siku ile aliponinyoa nyusi na kurudi nyuma kunitazama. Kaka alisema kweli ili nife. Mama alisema uongo ili niishi. Na wote wawili, mkweli na mwongo, walikubaliana jambo moja: kwamba Chigusa si wa kuhesabiwa.

Jemadari Mkuu alitabasamu. Nadhani alijua. Nadhani wote mle walijua, hata Ukon aliyeinamisha kichwa mpaka kovu lisionekane. Lakini ukumbi ule haukuwa umekutana kutafuta kweli. Ulikuwa umekutana kutafuta dada.

"Bibi Orie," alisema, "nyumba ya Korongo ni yako. Jina lako litatangulia mbele ya jeshi langu. Na mama huyu abaki hapa, akutumikie."

Niliinama. Niliitika.

*

Jina langu lilienda vitani na mimi nikabaki nyumbani. Vita vilivyowachosha watu kule kwa miaka, huku vilikwisha kabla maua ya mplamu hayajapukutika. Wakati huo wote mama alinitumikia. Alinitandikia, aliniosha miguu, alinipigia chai povu. Mara moja, wasichana wa nyumba walipokwenda kufua, nilimshika mkono.

"Mama. Hakuna mtu anayetusikia."

Aliutoa mkono wake, polepole. "Kuta ni za karatasi, Bibi."

"Niite mara moja tu. Kwa kunong'ona."

"Nikikuita mara moja nitakuita tena. Mdomo wangu umezeeka, hauna mlango. Siku moja nitasahau mbele ya watu." Akaendelea kukunja shuka. "Chigusa alikufa. Ukimtaja utamfufua, na akifufuka watamuua. Mwache."

Ukon ndiye aliyeleta habari za mwisho. Alitusimulia chumbani mwangu, mama akiwa nyuma yangu na chano cha chai. Majemadari wa Norikata walikuwa wamejipanga mbele ya ngome, meli kwa meli, walipofikiwa na tangazo kwamba shahidi wake mwenyewe amemkana. Kwamba Orie yu hai, na bwana wao alikuwa tayari dada yake achinjwe. Hawakufyatua hata mzinga. Waligeuza pua za meli palepale, zikamwelekea yeye. Akarudi ngomeni na watu wachache, akaingia chumba cha deraya, akavaa nguo nyeupe.

"Kabla hajajichoma tumbo aliuliza Isono alisema nini hasa," Ukon alisema. "Wakamrudia neno kwa neno. Akasema, 'Mama hajawahi kunidanganya.' Ndipo akajichoma."

Chano kilianguka.

"Bibi," Ukon aliongeza, bila kunitazama, "sasa wewe ndiwe mkuu wa nyumba, na nyumba lazima iweke mtu wake hapa. Binti yake Norikata analetwa. Ana mvi sasa. Wewe utakwenda kukalia kiti, naye atakaa katika nyumba hii."

Yule mtoto aliyetambaa. Yule ambaye kwa ajili yake nilivaa maiti ya mwenzangu. Nilisikia, na sikuweza hata kucheka, kwa kuwa Orie hakucheka kwa sauti.

Nyuma yangu mama alikuwa chini, kati ya vikombe vilivyovunjika. "Mwanangu," alilia. "Jamani, mwanangu. Mwanangu Norikata." Alilia kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, sauti ya yule mwanamke mwenye mabega. Alijipiga kifua palepale tuliponyonya. Sikuwa nimesikia neno hilo kinywani mwake tangu niondoke nyumbani, na sasa alilimwaga lote kwa aliyetuuza sote wawili.

Niliwaamuru wote watoke. Ukon akatoka, wasichana wakatoka. Nikapiga magoti mbele yake.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Mimi utanililia lini?"

Alijifuta uso kwa mkono wa nguo. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Huyu naruhusiwa kumlilia," alisema. "Ndiye pekee waliyeniachia. Niache nimlilie, Bibi, na usiniulize ni machozi ya nani yaliyochanganyika humo."

Akainuka kwa shida, akikataa mkono wangu. Akaokota vipande vya vikombe akaviweka kwenye chano. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaanza kuondoka. Adabu ya kwetu humkataza mtumishi kumpa bwana wake mgongo. Hutoka kinyumenyume, uso kwa bwana, mpaka mlango umtenge naye. Wasichana hufanya hivyo haraka, macho chini. Mama hakuwa na haraka. Alirudi nyuma hatua ndogo ndogo, miguu ikipapasa mkeka, chano kikilia mikononi mwake, na macho yake yenye ukungu aliyainua, akanitazama. Urefu wote wa chumba kile alinitazama, nami nilikaa wima katika mavazi ya marehemu, nisigeuze uso hata kidogo, ili anione mpaka mwisho.